Sufuria ya Kokushubila

Kinondoni, Dar es Salaam
8 Juni 1952

Wifi yangu mpenzi Demetria,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, watoto wazima, na kwamba miguu ya Bibi haimsumbui sana mvua hizi. Sisi huku hatujambo, tena mimi nimezidi. Sijui kama kuna neno la mtu aliye mzima mpaka anaona haya mbele za watu.

Miezi miwili ya ndoa, wifi, na bado nikisikia kengele ya baiskeli yake njiani moyo unaruka. Kaka yako akitoka kazini huniletea asumini, kaziweka ndani ya bahasha ya serikali, ile ya kahawia ya Idara ya Ujenzi, na ananikabidhi kwa adabu zote kama karani anayemkabidhi bwana mkubwa hati. Bi Mwanabaraka, mwenye nyumba wetu, anasema tukiendelea hivi atatupandishia kodi, maana tunamkumbusha ujana wake bila ruhusa.

Habari kubwa ni kitabu. Kimetoka! Kitabu cha kwanza cha Kaijage kimechapwa, na nakala yenu nimeifunga pamoja na barua hii. Unajua Gozbert amekusudia vitabu vinne juu ya askari huyu mmoja, tangu siku anapoingia boma la Bukoba hajui hata kufunga mkanda, mpaka Vita vya Mjerumani vinapomtupa huko kusini akiwa shaushi mwenye watu chini yake. Cha kwanza kilinakiliwa na rafiki yake wa ofisini kabla hatujaoana. Cha pili amekimaliza kwa ule mwandiko wake wa kuku, na kukinakili ni kazi yangu mimi. Nakinakili chote kwa mwandiko niliofundishwa na masista, ndipo kiende kwa mchapaji. Ananiita "kalamu yangu". Jioni ananisimamia nyuma ya kiti, ananiambia, "Kalamu yangu, hapo pumzika." Nani asingependa kuwa kalamu?

Jambo moja dogo tu, wala si jambo. Kwenye ukurasa wa kwanza, kabla hadithi haijaanza, pamechapwa hivi: *Kwa Kokushubila, mke wangu mkubwa, aliyenifundisha vita.* Na ndani ya kitabu yumo Kokushubila huyohuyo, msichana mbichi mwenye mwanya, mke wa Kaijage, anayefuata nyuma ya kikosi njia nzima na sufuria kichwani. Nadhani ni mambo ya waandishi. Lakini ukipata nafasi niambie, Kokushubila ni nani? Usimwandikie Gozbert kwamba nimeuliza.

Mpe Bibi shikamoo yangu.

Ni mimi, kalamu ya kaka yako,
Atuganile


Kamachumu, Bukoba
2 Julai 1952

Wifi Atuganile,

Marahaba. Barua yako imefika na kitabu kimefika, pembe moja imelowa, nadhani ni kwenye meli kutoka Mwanza. Sisi tu wazima. Mdogo wangu wa mwisho alipata homa akapona. Kahawa imezaa vizuri, mume wangu haongei kingine. Shikamoo yako nimeifikisha. Bibi amesema marahaba, na kwamba miguu itapoa siku akiacha kuitumia.

Umenichekesha, wewe msomi! Eti Kokushubila ni nani? Si mke mkubwa wa Gozbert huyo! Ndiye aliyekutunzia mume, ukamkuta anajua kula kwa adabu na kunawa miguu kabla ya kulala. Ulidhani alizaliwa hivyo? Siku Gozbert anapanda meli kuja huko, mwenzio alikaa gatini mpaka meli ikawa nukta. Mpaka leo ndizi zikiiva vizuri anasema, "Hizi ni za mume wangu," na hakuna anayethubutu kuzigusa.

Ukurasa wa kwanza nimeuona. Sikushangaa. Kila mtu alijua jina litakalokaa pale.

Nakutumia kahawa ya kutafuna, mfuko mdogo. Umpe na huyo mwenye nyumba wenu.

Wifi yako,
Demetria


Kinondoni
10 Agosti 1952

Kwa wifi Demetria,

Shikamoo. Natumaini hamjambo nyote. Nasi hatujambo. Kahawa imefika, asante. Bi Mwanabaraka ameitafuna yote.

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi ya kunakili.

Nikwambie mambo ya hapa. Kila alasiri wanawake wa nyumba za jirani huja barazani na ukili wao wa kusuka, nami huwasomea kitabu cha kwanza. Nilianza kwa fahari, mke wa mwandishi. Sasa natamani ningejifanya sijui kusoma. Maana hakuna anayemuuliza Kaijage. Kaijage amepigwa risasi ya bega, amepandishwa cheo kuwa ombasha, hawana habari naye. Wanachotaka ni Kokushubila.

"Haya, mwalimu, soma," anasema Bi Mwanabaraka. "Jana tulimwacha yule bibi anachemsha maji ya kumkanda mumewe. Yalichemka?"

"Yalichemka."

"Alimkanda?"

"Alimkanda."

"Hebu soma polepole hapo, usiruke. Wewe una tabia ya kuruka."

Nikawaambia, jamani, huyu ni mtu wa karatasi tu, Gozbert kamtunga. Bi Mwanabaraka akaweka ukili chini akaniangalia kama mtoto aliyeunguza wali.

"Wa karatasi? Mie nimeolewa mara tatu, mwanangu. Mwanamume akikwambia macho kama nyota, huyo anatunga. Akikwambia mwanya, tena akasema upo upande wa kushoto, huo mwanya kauona."

Wakacheka wote. Nami nikacheka. Wifi, nilicheka mpaka mbavu zikauma, halafu nikaingia ndani nikafunga mlango.

Sitamuuliza Gozbert. Baba yangu kule Tukuyu ni mtu mwenye heshima, na binti yake hafungiwi ndoa kanisani mbele ya padri na mashahidi kisha akaanza kumwuliza mumewe ana wake wangapi. Gozbert ndiye angepaswa kusema. Yeye anaimba tu. Jana kaniita tena kalamu yake. Nimefikiri sana juu ya neno hilo. Mimi kalamu, mwingine mke.

Nakuuliza wewe kwa kuwa wewe ni mwanamke. Huyo Kokushubila ana watoto? Na Gozbert humwandikia?

Wako,
Atuganile


Kamachumu
14 Septemba 1952

Wifi Atuganile,

Marahaba. Huku tuko salama. Mbuzi wetu mmoja amekula shuka la jirani na tumesuluhishwa. Bibi hajambo.

Umeuliza nami nakujibu kama ulivyouliza. Watoto anao. Gozbert humwandikia, ndiyo, na mimi ndiye ninayemsomea, kwa kuwa mwenyewe hakwenda shule. Barua huanza, "Mke wangu." Akisikia hivyo hujifunika uso kwa kanga kama mwari. Halafu ananiambia nirudie.

Nimemsomea pia kitabu. Ameridhika, ila kasema kaka yangu amempunguzia mzigo: siku zile hakubeba sufuria peke yake, alibeba na mtoto mgongoni. Anauliza habari zako sana. Kama unajua kupika ndizi. Kama una wivu. Nikamwambia mimi sijui, nipo mbali. Anasema wewe umekaa na mume muda wote huu, na anataka kujua zamu yake itafika lini.

Kuhusu mwanya, huyo mwenye nyumba wenu ni mwanamke mwenye akili. Upo upande wa kushoto.

Wifi yako,
Demetria


Kinondoni
19 Oktoba 1952

Kwa Demetria,

Natumaini hamjambo. Sisi hatujambo.

Gozbert amepelekwa Kilosa na wapima barabara, hatarudi mpaka mwakani. Aliniachia kazi ya kumaliza kunakili kitabu cha pili na kukifikisha kwa mchapaji, na alikwisha mwambia mchapaji awatumie ninyi nakala moja kwa moja. Alinishika mikono kituoni akasema ananiamini kuliko macho yake mwenyewe. Ile asumini ya mwisho nimeibana ndani ya Biblia. Nalala upande wake wa kitanda. Nakuambia haya ujue kwamba nampenda, kwa sababu ya neno linalofuata.

Zamu yake haitafika. Nimemuua.

Sura ya mwisho kikosi kinarudi nyuma kuelekea Tabora, mvua imejaza mto, nao wanavuka usiku. Gozbert alikuwa ameandika kwamba Kokushubila anavuka na sufuria yake kichwani akiimba, na askari wanaona haya kuogopa maji ambayo mwanamke anayaimbia. Ukurasa mzima wa kuimba! Niliusoma mara nyingi. Kisha nikachukua karatasi safi nikaandika wangu.

Sikumwonea, wifi. Nilimpa kifo kizuri kuliko vifo vyote vya kitabu. Kaijage amekwisha vuka, anageuka kumpa mkono, na gizani haoni mtu. Anachoona ni sufuria tu, inaelea, inazunguka polepole, inakwenda na maji. Anaita jina lake mpaka bwana mkubwa wa kikosi anamwamuru anyamaze. Asubuhi kikosi kinaondoka. Nililia nikiandika, machozi yakaharibu karatasi ya kwanza ikabidi nianze upya, na mwandiko wa mara ya pili ulikuwa mzuri zaidi.

Nilikipeleka kwa mchapaji mwenyewe, kwa miguu mpaka mjini. Barazani nimewasomea pia. Bi Mwanabaraka amelia kilio cha msiba hasa, na siku mbili hakunisalimia.

Sasa Kaijage ana vitabu viwili vilivyobaki na hana mke. Kaka yako akitaka kumwandikia mtu, atamwandikia aliye hai.

Mimi, mke wa Gozbert wa kanisani,
Atuganile


Kamachumu
11 Januari 1953

Mpenzi wangu Atu,

Heri ya mwaka mpya. Watoto wazima. Naandika haraka kwa sababu meli inaondoka Jumatano, na nisipoandika leo sitathubutu kesho.

Kokushubila ni Bibi.

Bibi wetu, Atu, mama yake mama. Bibi uliyemletea shikamoo katika barua yako ya kwanza, mwenye miguu inayouma. Sisi hatumtaji kwa jina, ndiyo maana hukulijua. Mjukuu wa kiume humwita bibi yake "mke wangu", naye humwita "mume wangu", hata kwenu Tukuyu sidhani kama ni tofauti. Gozbert alilelewa kwenye mkeka wake tangu mama alipofariki. Babu yetu ndiye aliyekuwa askari wa Mjerumani, na Bibi alimfuata njia nzima, kwenda na kurudi. Gozbert amemrudishia ujana wake katika kitabu, ndiyo zawadi yake. Mwanya alikuwa nao kweli. Sasa upande ule hamna meno kabisa.

Barua yako ya kwanza niliijibu kwa utani nikidhani unatania. Ilipofika ile ya Agosti nikajua hutanii. Nikanyamaza. Ile ya Septemba niliiandika nikijua, nikaitia chumvi kwa mkono wangu. Nikwambie kwa nini, au nisikwambie? Hadithi zile zote Bibi alizisimulia jioni, na Gozbert alizisikia kwa sababu alikuwa amelala pale kichwa kwenye mapaja yake. Mimi nilikuwa mtoni nachota maji ya nyumba nzima. Nikirudi hadithi imekwisha. Yeye akaandika kitabu, Bibi akapata ukurasa wa kwanza, wewe ukapata kuwa kalamu. Nilipoona kuna mtu mwingine anaumia kama mimi, nilifurahi kidogo. Halafu nilipopata barua yako ya Oktoba nikaogopa, nikaificha.

Lakini kitabu sikuweza kukificha. Kilifika wiki ya Noeli na nyumba imejaa wageni, wote wanataka kisomwe. Nikasoma. Nilijaribu kuruka sura ya mwisho, Bibi akasema, "Mbona karatasi zimebaki?" Basi nikasoma mpaka mwisho. Sufuria ikazunguka, ikaenda na maji. Wanawake wanafuta machozi huku wamekaa ubavuni mwa marehemu.

Bibi akauliza, "Nimekufa?"

Nikamwambia, "Ndiyo, Bibi. Ndani ya kitabu."

"Mume wangu hawezi kuniandika hivyo. Nani kaniua?"

Sikuwa na pa kukimbilia. Nikamweleza yote, na ubaya wangu nikaueleza, mbele ya wageni. Nilitegemea hasira. Bibi alicheka mpaka tukamshika asianguke kitini. Akasema, "Kumbe mke mwenzangu ana wivu! Mwaka wa hamsini na mbili kuna msichana wa shule ananionea wivu mimi! Leteni pombe."

Baadaye wageni walipoondoka aliniita nimsomee tena ule ukurasa wako. Mara tatu. Alisikiliza kama mtu anayehesabiwa makosa. Kisha akasema, na kaniagiza niandike neno kwa neno:

"Mwambie mke mdogo kwamba anajua kuandika lakini hajui kuua. Nani aliuona mwili? Mume wangu aliona sufuria tu. Na mimi nikivuka mto sufuria nilikuwa naivua, naifunga mgongoni, maana kichwani inakuangusha. Hiyo iliyoelea si yangu, ni ya mwanamke mwingine, au imeibwa. Yangu ipo hapa. Ninaileta."

Anakuja nayo huko, Atu. Hatanii. Ameshasema na watu wa meli. Anasema kitabu cha tatu hakiwezi kuandikwa na mtu anayebeba sufuria kichwani mtoni.

Tena ananitazama nikiandika, anataka niongeze: zamu yake imefika.

Nisamehe,
Demetria


Kinondoni
22 Februari 1953

Wifi yangu Demetria,

Shikamoo. Sisi hatujambo, na natumaini barua hii haitapishana na Bibi njiani.

Yako niliipokea Ijumaa ya wiki iliyopita. Niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa, kisha nikaenda nyuma ya nyumba kwenye mti wa mpapai nikacheka na kulia kwa wakati mmoja mpaka Bi Mwanabaraka akatoka na fagio akidhani nimeumwa na nyoka. Babu yangu kule Tukuyu aliniita mchumba wake mpaka siku anakufa. Babu yangu mwenyewe! Nilipoambiwa kuna mke mkubwa, sikumkumbuka hata kidogo. Wivu ulinifuta kichwa kama ubao.

Gozbert alirudi kesho yake, Jumamosi, mweusi kwa jua la Kilosa, na asumini zimenyauka mfukoni. Nilikuwa nimekusudia kumlisha kwanza. Sikuweza. Nilimkabidhi kitabu mlangoni, nimekifungua kwenye sura ya mwisho. Akasoma palepale, kofia kichwani. Akaingia ndani akasoma tena. Nilimwambia yote.

Jumapili alikwenda misa peke yake, nami nyuma yake hatua kadhaa kama mtu asiyemjua. Jioni ndipo aliposema:

"Ungeniuliza tu, Atu."

"Ningekuuliza nini? Umeandika kwa chapa, mke wangu mkubwa!"

"Kila mtu anajua mke mkubwa ni nani."

"Kila mtu wa Kamachumu!"

"Na uliponyamaza miezi yote hiyo nilidhani umechoka na kazi."

"Na wewe uliponiita kalamu ulidhani ninafurahi?"

Alishangaa kweli, wifi. "Hukufurahi?"

"Mwanzoni nilifurahi."

Bi Mwanabaraka akapiga kelele kutoka chumbani kwake, maana ukuta wetu hauzuii kitu: "Mwite mke, baba! Neno lenyewe fupi, halikudhuru!"

Gozbert akaniita hivyo, kwa sauti ndogo, na mwenye nyumba akasema hajasikia, arudie. Akarudia.

Lakini usidhani amenisamehe yote. Ule ukurasa wa kuimba ameutafuta ndani ya makaratasi yangu, akaupata, ameukunja vizuri akautia mfukoni mwa koti. Ameuweka upande wa moyo kabisa. Nimeona wivu tena, nakuambia ukweli. Safari hii nimeusema kwa mdomo, hapohapo, naye akaniambia ukurasa ule ataurudisha kitabuni Bibi mwenyewe akifika, atakapotuambia aliimba wimbo gani.

Kitabu cha tatu tumekianza. Kaijage yuko kusini, mjane, hana hamu ya kula, na usiku mmoja anasikia mtu ng'ambo ya kambi anamgombeza punda kwa sauti anayoijua. Ndipo tulipoishia. Sitaki kuendelea mpaka Bibi akae kitini aseme. Na wifi, katika kikosi kile sasa yumo msichana anayechota maji. Nimemweka mimi, Gozbert amekubali. Anapita na mtungi wake kila mahali, wakubwa wanasahau kwamba yupo, na katika kikosi kizima ni yeye pekee asiyepitwa na hadithi hata moja. Jina bado hatujampa. Nakungoja wewe uniambie.

Nimenunua ndizi, zile za kwenu, sokoni Ilala. Zinaiva. Hakuna anayethubutu kuzigusa.

Kitanda nimekitandika kwa shuka za harusi. Gozbert ameuliza yeye atalala wapi. Nimemwambia barazani, kwenye mkeka wa Bi Mwanabaraka, maana zamu ni ya mke mkubwa, na sisi wawili tuna mengi ya kuandika.

Mke mdogo,
Atuganile